Chumvi ya Lelgut

Litein, 9 Machi 1999

Kwa Chepkosgei,

Wewe. Ulikanyaga hapa mara ya mwisho Krismasi ya mwaka juzi, na ukakaa siku mbili kama mtu aliyeacha sufuria kwenye moto. Watu wananiuliza kanisani, "Yule mjukuu wako wa Nairobi yuko?" Najibu yuko, lakini najibu kwa sauti ndogo, maana sina hakika.

Jerusa ananiambia barua inaanza kwa salamu. Haya, salamu. Hujambo? Kifua chako kimepoa? Unakula kitu cha kupikwa, ama bado ni mkate na soda? Mimi nipo. Goti la kushoto limekataa kupanda mlima, kwa hivyo chai ya juu nachumiwa na watu, ya chini najichumia mwenyewe pole pole. Lelgut anakamwa bado, na ule mdomo wake mweupe bado anautia kwenye kila ndoo isiyo yake.

Mwalimu Kipngetich aliyekuwa akiniandikia amehamishiwa Longisa. Sasa ananiandikia huyu Jerusa, mke wa Ogada wa kiwandani, jirani wa upande wa mto. Kipsigis hajui hata ya kuomba maji, kwa hivyo tunaongea Kiswahili, na wewe nijibu kwa Kiswahili ili aweze kunisomea.

Sasa sikia. Barua yako ya Januari ilikuja imeandikwa na mashine. Mimi nyanya yako sijui kusoma, lakini mwandiko wako naujua tangu darasa la tatu. Herufi zako zinaegemea upande mmoja kama mwanamke aliyebeba maji. Nilikuwa nikiifungua barua, kabla mtu hajaisoma, najua ni wewe. Hii ya mashine imesimama wima yote, kama watoto wa shule kwenye mstari. Mtu yeyote angeweza kuiandika. Nilimuuliza Jerusa mara mbili, "Una hakika ni yeye?"

Andika kwa mkono. Ama njoo.

Kogo yako
(alama ya kidole gumba)


Nairobi, 11 Aprili 1999

Kwa Kogo mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi ni mzima, kifua kimepoa, na ninakula ugali, niamini. Goti lako linaendeleaje? Msalimie Jerusa, mwambie asante kwa kukuvumilia.

Nisamehe kwa kunyamaza, Kogo. Na nisamehe tena kwa mashine, maana hata hii nimeipiga kwa kompyuta. Ni ya mitumba, niliinunua mwaka jana. Iko hapa chumbani kwangu, Buruburu. Mchana nafanya kazi ofisini, jioni nawapigia wanafunzi wa chuo kikuu kazi zao. Mkono ukishatoka hapo hauwezi kushika kalamu.

Kuna habari kubwa. Kompyuta hii nimeiunganisha na waya wa simu ya mwenye nyumba, Mama Beverly, na kupitia huo waya naweza kutuma barua hadi ng'ambo na ikafika kabla chai haijapoa. Inaitwa imeili. Niliandikia chuo kimoja cha wakunga huko Uskoti, wakajibu, nikajaza fomu, na Kogo, WAMENIPA NAFASI. Nitaanza mwezi wa kumi. Ofisi ya wakala wao hapa Nairobi itataka kuona karatasi halisi kabla ya hapo: cheti cha kidato cha nne na cheti cha kuzaliwa. Ziko kwenye sanduku lako la bati tangu waliponivunjia chumba. Zikae hapo hapo. Nitakuja kuzichukua mwenyewe Agosti.

Usiogope kwamba watu watasoma imeili zangu. Inafungwa kwa neno la siri ambalo ni mimi tu ninayelijua. Mimi nimeweka Lelgut. Nani Nairobi atafikiria jina la ng'ombe wa Litein! Mwambie nikija nitamletea ile chumvi yake ya kulamba.

Pasaka sikuwa peke yangu. Mtu alinitumia kadi kwa imeili, unaifungua na vifaranga sita wanatokea wakiimba na kupiga makofi. Sikumjua jina, labda ni mmoja wa wale wanafunzi. Nilicheka hadi Mama Beverly akaja kuchungulia.

Mjukuu wako,
Fancy


Litein, 4 Mei 1999

Kwa Chepkosgei,

Hujambo mtoto wangu. Sisi ni wazima, ila si wote.

Lelgut amekufa. Ijumaa iliyopita. Ni ndigana, ile homa ya kupe. Alianza Jumanne kukataa majani, tezi zikavimba chini ya sikio, na daktari wa mifugo alipofika kutoka mjini alinitazama mimi, hakumtazama ng'ombe. Nilikaa naye zizini. Kichwa chake kilikuwa kizito mapajani, na goti hilo hilo bovu, nikasema liume tu. Tumemzika nyuma ya mparachichi. Ogada na wenzake watatu ndio waliochimba. Ameacha ndama jike, ana mdomo mweusi.

Wewe ndiye uliyemchunga akiwa ndama, ndiyo maana nimekwambia mapema. Lia kidogo, halafu ule.

Ya chuo nimesikia. Nimefurahi mpaka nimemkumbatia Jerusa, na yeye hapendi kukumbatiwa. Wakunga hawajawahi kukosa kazi. Mama yako angefurahi. Karatasi zako ziko sandukuni, ufunguo uko shingoni mwangu, nalala nao, naoga nao.

Lakini nina maneno mawili. La kwanza, hilo neno lako la kufungia. Ng'ombe huyo nilikuwa nikimwita kila asubuhi mpaka watu wa ng'ambo ya mto wanasikia. Hiyo ni siri gani? Na sasa usifungie nyumba kwa jina la marehemu. Badilisha.

La pili, hao vifaranga. Nani aliwatuma? Unasema humjui. Hapa kwangu mtu akileta zawadi na hasemi jina lake namkalisha nje, zawadi yake nje, mpaka aseme ametoka kwa nani. Wewe umemfungulia mlango kwa sababu vifaranga wanapiga makofi. Kifaranga hana makofi, Chepkosgei.

Mvua ya mawe ilipiga chai ya chini. Majani yametoboka kama kichungi. Nimechoka, lakini nipo.

Kogo yako
(alama ya kidole gumba)


Nairobi, 20 Mei 1999

Kwa Kogo mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema. Mimi ni mzima, kifua kimepoa. Goti lako linaendeleaje? Msalimie Jerusa. Na Lelgut hajambo? Anatoa maziwa mengi?

Kogo, mambo ya chuo yameharakishwa. Wanataka karatasi mwezi huu, wala sitapata ruhusa ya kusafiri. Tafadhali toa cheti cha kidato cha nne na cheti cha kuzaliwa kwenye sanduku la bati, uvitume kwa posta haraka. Usitumie anwani ile ya zamani, kuna wizi wa barua huko. Tumia hii mpya iliyo nyuma ya bahasha.

Ni siri yetu. Usiwaambie watu, wivu ni mwingi.

Mwambie Lelgut nitamletea chumvi yake ya kulamba.

Mjukuu wako,
Fancy


Litein, 2 Juni 1999

Kwa Chepkosgei,

Salamu. Nipo.

Jerusa amenisomea barua yako mara tatu kwa sababu sikuamini ya kwanza wala ya pili. Unaniuliza habari za yule mwenye mdomo mweupe? Unaniuliza kama anatoa maziwa? Sitakujibu. Nilikwambia mwezi wa tano, na kwangu kusema mara moja kumetosha. Kama barua zangu unazitia mfukoni bila kusoma, sema, nimpumzishe Jerusa mkono wake.

Nimekulea tangu una miezi minne. Mama yako alipokufa watu walisema nikupeleke kwa masista. Nilisema huyu atakunywa maziwa ya kwangu na kufa atakufa kwangu. Hukufa. Sasa unaniandikia kama mtu wa ofisi: toa, tuma, haraka, usiambie watu. Hujauliza hata mvua ya mawe.

Karatasi sitatuma. Zimelala sandukuni na ufunguo uko shingoni. Ukizitaka, miguu unayo. Zitatoka humo siku nitakapokuona umesimama mlangoni, si siku moja kabla.

Jerusa anasema nimekuwa mkali. Aandike hivyo hivyo.

Nimechoka na hii mashine yako.

Kogo yako
(alama ya kidole gumba)


Nairobi, 16 Agosti 1999

Kogo wangu,

Naandika kwa mkono. Zitazame herufi kabla Jerusa hajasoma.

Hujambo? Goti? Ndama wa Lelgut anaendeleaje? Barua yako ya Mei niliipata, nikaenda kulia kwenye choo cha ofisi kwa sababu ndiko kuna mlango. Kisha nilikaa bila kujibu. Kila jioni nilisema kesho. Sina la kujitetea. Nilikuwa nimechoka, na nilijua hutaniacha hata nikinyamaza, basi nikautumia vibaya upendo wako.

Tangu Mei sijapata barua nyingine kutoka kwako, na sijakuandikia hadi leo. Kumbuka hilo ukisoma haya yanayofuata.

Wiki iliyopita nilienda ofisi ya wakala kuuliza habari za safari. Mama wa pale akafungua faili, akaniangalia, akaangalia faili tena. Ndani kuna picha, na si yangu. Ni msichana mwingine. Chini imeandikwa Fancy Chepkosgei. Akaniambia, "Fancy aliandika imeili Juni, akabadilisha anwani, akaleta picha mpya. Wewe ni nani?"

Kogo, sijui kama umewahi kuulizwa hivyo. Nilisema jina langu, na akasema, "Huyo ninaye tayari."

Kuna mtu anaitwa Phelix anayetengeneza kompyuta za ofisini kwetu. Nilimleta aitazame ya nyumbani. Alikaa kwa muda wa saa nne. Alikuta ndani yake kitu kilichofichwa, programu ndogo, na kazi yake ni kutazama kila ninachoandika na kukipeleka kwa mtu mwingine kupitia waya wa simu. Iliingia na vifaranga wa Pasaka. Tangu siku ile mtu alikuwa akisoma imeili zangu, neno langu la siri, kila kitu. Hata barua niliyokuandikia Aprili, maana niliipiga hapo hapo na kuihifadhi. Nani, hatujui. Phelix anasema huenda tusijue kamwe. Ameifuta kompyuta yote ikabaki tupu, kazi za watu zikaenda nayo, na nimeichomoa waya.

Aliniuliza, "Karatasi zako halisi ziko wapi?" Nikasema kwa Kogo. Akasema, "Basi kuna mtu ameshamwandikia Kogo."

Je, ameandika? Tafadhali niambie. Je, umezituma? Ukiwa umezituma sitakukasirikia, mimi ndiye niliyemwachia mlango.

Yule mama wa ofisi amekataa kuamua. Amesema yeye hamjui Fancy, anajua karatasi. Ametupa sote wawili hadi Ijumaa tarehe 3 Septemba. Atakayefika na vyeti halisi ndiye Fancy. Atakayefika mikono mitupu ni mwizi, na ataitiwa polisi. Kama vyeti havipo, mimi ndiye nitakuwa mwizi wa jina langu mwenyewe.

Phelix anasema nikianza tena nitafute neno la siri ambalo halijawahi kuandikwa popote, wala si la ng'ombe, wala si siku ya kuzaliwa. Nimefikiri usiku na mchana. Sina neno kama hilo. Kila kitu changu kimeandikwa mahali.

Mjukuu wako,
Fancy


Litein, 21 Agosti 1999

Kwa Chepkosgei, mtoto wangu,

Barua ilipofika niliishika kabla Jerusa hajakaa. Niliona zile herufi zinazoegemea. Nikasema ni yeye. Jerusa akasema, "Kogo, hujasomewa bado." Nikamwambia nimeshasoma.

Karatasi ziko. Sikutuma. Pumua.

Sasa nisikilize, na Jerusa usiruke hata neno. Barua ilikuja Mei, ya mashine, na jina lako chini. Ilitaka vyeti. Iliuliza kama Lelgut anatoa maziwa. Mtoto wangu, mimi sikufikiria mwizi. Nilifikiria ni wewe. Nilidhani umefika mahali pa kutosoma barua zangu, na hilo halikunishangaza, na hilo ndilo linaniuma leo. Nilikujibu kwa ukali kwenye anwani iliyokuwa nyuma ya bahasha, kumbe nilikuwa namgombeza mwizi kuhusu mama yako. Jerusa anasema, "Kogo, si alikuwa anasoma yale Fancy anaandika tu? Yako ya karatasi hakuyaona. Ndiyo sababu hakujua ng'ombe amekufa." Huyu mwanamke ana akili. Na mimi kwa hasira yangu sikumwambia. Nilikataa kurudia.

Ngoja, bado. Julai, siku ya Alhamisi, alikuja mwanamume. Viatu vinang'aa, kwa matope haya yetu. Mimi na Jerusa tulikuwa tunachagua mboga mlangoni.

"Shikamoo Kogo. Mimi naitwa Benard, nafanya kazi na Fancy. Amenituma."

Nikasema, "Marahaba. Kaa hapo nje."

Akakaa kwenye gogo, akatoa kifurushi. "Amekutumia sukari. Na hii ni ya Lelgut. Chumvi yake ya kulamba."

"Ya nani?"

"Ya Lelgut. Ng'ombe."

"Mpelekee mwenyewe basi."

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya ule mparachichi."

Akaenda na chumvi yake. Akazunguka mti, akazunguka tena, akarudi na matope mpaka kwenye soksi. "Kogo, mbona simwoni?"

"Umetazama chini?"

"Chini wapi?"

"Chini. Futi sita."

Jerusa alimwaga mboga zote. Lakini mimi sikucheka. Nilisema moyoni, Chepkosgei anaweza kunisahau mimi, lakini yule ng'ombe alimchunga, hawezi kumpelekea maiti chumvi. Nikamtazama yule mtu vizuri. Akasema, haya, ni vyeti tu anataka, basi la kurudi litamwacha. Nikamwambia, "Nitakupa. Nijibu kitu kimoja. Huyo Fancy alipigia chafya jina gani?"

Akasema, "Ni mafua kidogo tu, Kogo. Anaendelea vizuri."

Hapo nilisimama na goti langu bovu. Sikumbuki nilishika nini. Jerusa anasema lilikuwa jembe, na yeye alishika sufuria. Mtu alikimbia na viatu vyake mpaka barabarani, sukari akabeba, chumvi akaacha.

Baadaye ndiyo nikaogopa. Nilifikiri labda umekufa na kuna mtu amevaa jina lako. Jerusa alienda posta ya Litein siku tatu kupiga simu ya Mama Beverly. Kila mara laini inatumika. Sasa tunajua nani alikuwa ameikalia, ni mashine yako. Barua sikujua niitume wapi, anwani ya zamani ama ile mpya, nikaogopa kuanguka mikononi mwa yule yule. Basi nikakaa. Mwezi mzima nilikaa nikichuma chai na kutazama njia. Nimezeeka, Chepkosgei. Zamani ningepanda gari siku hiyo hiyo. Andika hilo Jerusa, andika kwamba nilipaswa kwenda na sikwenda.

Sasa hilo neno lako. Unasema kila kitu chako kimeandikwa mahali. Si kweli.

Fancy uliandikiwa kanisani. Chepkosgei uliandikiwa hospitalini na shuleni. Lakini siku ulipozaliwa, kabla ya hayo yote, tulikaa wanawake wanne nyumba hii hii. Mama yako alikuwa hai na amelala pale ukutani. Tulikutia ugoro kidogo puani tukaanza kuwaita wazee wetu waliokufa, mmoja mmoja, tuone nani amerudi. Tuliita jina la kwanza, ukanyamaza. La pili, ukanyamaza. Tulikuwa tumefika mbali, mpaka shangazi yangu amechoka, ndipo ukapiga chafya, na chafya yako ilikuwa kubwa kuliko wewe. Wale wanawake wengine watatu wameshaenda. Mama yako ameenda. Nimebaki mimi. Nilikuwa nangoja uolewe nikwambie, halafu nikangoja upumzike na kazi, na wewe ukawa huji.

Jina hilo halijaandikwa kwa kalamu wala mashine. Na leo pia halitaandikwa. Jerusa ni mtu mwema, ameshika sufuria kwa ajili yako, lakini jina hilo likipita mkononi mwake halitakuwa siri tena. Amekubali. Anasema hata yeye kwao kuna la kwake.

Kwa hivyo sikia utakavyofanya. Usinijibu barua hii. Usimtume mtu, hata Phelix, hata mchungaji. Njoo kabla ya hiyo Ijumaa, njoo mwenyewe. Usipite njia ya kanisani, pita kwa mlango wa ng'ombe nyuma ya jiko. Usipige hodi na usitaje jina lako, nitakujua. Jerusa siku hiyo nitamtuma sokoni. Nitafungua sanduku nikupe karatasi zako mkononi, halafu utainama.

Chumvi usilete, tunayo. Nilianza kuilamba mimi mwenyewe kuona kama ina sumu, halafu nikampa ndama wa Lelgut.

Lete sikio.

Kogo yako
(alama ya kidole gumba)